Sanamu za kadibodi na watoto: jinsi ya kutengeneza twiga anayesimama mwenyewe

Wazazi wanaojaribu kazi hii hulalamika jambo lilelile. Sanamu inapendeza ikiwa bado imelala mezani, lakini ikisimamishwa tu miguu inakunjamana, shingo inainama, na mtoto aliyehangaika nayo mchana kutwa anaangua kilio. Wengi huongeza gundi. Gundi haisaidii hapo, kwa sababu kosa lilishafanyika kitambo, pale kadibodi ilipokatwa bila kuangalia mawimbi yake yanaelekea wapi.

Hapa tutatengeneza twiga wa kimo cha sentimita 45. Nimemchagua makusudi: ana miguu mirefu na shingo ndefu, na hivyo ndivyo vitu viwili vinavyowashinda watu. Ukimweza twiga, wanyama wengine wa miguu minne hawatakusumbua.

Tenga siku tatu. Ya kwanza ni ya kukata na kuunga, ya pili ni ya kuvika karatasi, ya tatu ni ya rangi. Ukilazimisha yote yaishe siku moja, utapaka rangi juu ya karatasi mbichi, na baada ya wiki twiga ataanza kunuka ukungu.

## Vifaa

- Maboksi mawili makubwa ya kadibodi ya mawimbi, makavu, yenye unene wa milimita 3 hadi 4
- Kadibodi nyembamba isiyo na mawimbi, kama ya maboksi ya sabuni au dawa ya meno
- Magazeti ya zamani, na karatasi nyeupe zilizokwisha kutumika
- Gundi nyeupe ya maji
- Utepe wa karatasi, ule wanaoutumia mafundi rangi kufunika kingo
- Mkasi imara wa mtu mzima na mkasi mdogo wa mtoto
- Kisu cha wembe cha kukatia karatasi, rula ya chuma na ubao wa kukatia
- Penseli
- Vibanio vya nguo na vitabu vizito viwili au vitatu
- Brashi, rangi nyeupe ya maji, na rangi nyingine atakazochagua mtoto
- Mfuko mkubwa wa plastiki wa kutandika mezani

Usibadilishe utepe wa karatasi kwa selotepu ya plastiki. Gundi ya maji na rangi haviishiki plastiki, kwa hiyo kila palipo na selotepu patabanduka.

Maboksi yakague kabla hayajafika mezani. Ng'oa pini za chuma na mikanda ya plastiki. Boksi lililobebea dawa za kuulia wadudu au kemikali nyingine liache kabisa. La mafuta nalo halifai, kwani gundi haishiki pale palipoingia mafuta. Boksi lililowahi kulowa, hata likikauka, mawimbi yake yameshalegea.

## Nani afanye nini

Kisu cha wembe ni cha mtu mzima peke yake, na kikimaliza kazi kinafungwa na kuwekwa juu mtoto asipofikia. Hakuna umri wa mtoto unaobadilisha hilo.

Watoto wa miaka 3 hadi 5 wanachana karatasi, wanakunja magazeti, wanapaka gundi na kubandika. Wa miaka 6 hadi 8 wanaweza kufuatisha kiolezo kwa penseli na kukata kadibodi nyembamba. Kuanzia miaka 9 wengi huweza kukata kadibodi ya mawimbi kwa mkasi imara, ukiwa umekaa karibu.

Bunduki ya gundi moto siishauri kwenye kazi hii. Gundi yake huzidi nyuzijoto 100 na hung'ang'ania ngozi inapounguza. Tena inashika haraka mno, mtu anashawishika kubandika tu mahali ambapo angepaswa kukata kiungo cha kweli.

Maamuzi ya sura mwachie mtoto. Kama masikio hayalingani au jicho moja limepanda juu ya jingine, usirekebishe usiku akiwa amelala. Anajua alivyoliacha.

## Hatua ya 1: Isomeni kadibodi

Kata kipande kidogo na ukitazame ukingoni pamoja na mtoto. Mtaona karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi ya tatu iliyojikunja mawimbi. Mawimbi hayo yanaunda vijia virefu vinavyopita upande mmoja tu. Nguvu yote ya kadibodi iko humo.

Sasa kateni vipande viwili vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20. Kimoja vijia vyake vipite kwa urefu, kingine vipite kwa upana. Mpe mtoto ashike kila kimoja mwishoni na kukipepea. Cha kwanza kitabaki kimenyooka. Cha pili kitakunjika katikati, na mstari wa mkunjo utafuata kijia kimojawapo.

Msiruke jaribio hili. Mtoto akishaona kwa macho yake, atakuwa wa kwanza kukukumbusha mnapochora.

Kanuni mtakayoifuata tangu hapa ni hii: sehemu yoyote ndefu inayobeba uzito, vijia vyake vipite kwa urefu wake. Mguu, vijia kutoka juu kwenda chini. Shingo, vijia kutoka mabegani kwenda kichwani.

## Hatua ya 2: Choreni violezo kwenye gazeti

Chora kwanza kwenye gazeti, kwa sababu gazeti likiharibika unachukua jingine. Mnahitaji violezo viwili tu.

Kiwiliwili. Ni umbo la twiga kwa ubavu, lisilo na miguu: tumbo, mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Urefu kutoka kifuani hadi matakoni sentimita 20. Kutoka tumboni hadi mgongoni sentimita 10. Shingo na kichwa viinuke sentimita 23 juu ya mgongo. Shingo iwe na upana wa sentimita 7 inapotoka mabegani na 4 inapofika kichwani. Iegemee mbele kidogo tu. Pua isizidi kifua kwa zaidi ya sentimita 5, la sivyo twiga atavutwa mbele na kichwa chake.

Mabegani, pale shingo inapokutana na mgongo, chora mviringo laini, usichore kona kali. Kona kali ndipo kadibodi huanzia kuchanika.

Miguu. Kiolezo kimoja kinatoa miguu miwili ya mbele iliyoungana juu, na hichohicho kinatumika kwa ya nyuma. Kimo sentimita 20, upana wa chini sentimita 14, upana wa juu sentimita 8. Katikati chini kata upinde wenye upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 10. Kila mguu utabaki na upana wa sentimita 4. Mtoto atataka miguu myembamba ifanane na ya twiga halisi. Mwambie itawezekana kuipunguza mwishoni, baada ya twiga kusimama.

## Hatua ya 3: Hamishieni kwenye kadibodi

Laza kiolezo cha kiwiliwili juu ya kadibodi, kisha kizungushe mpaka shingo ilingane na vijia. Kiolezo kitakaa kimeinama kidogo ukilinganisha na kingo za boksi, na sehemu ya kadibodi itapotea. Ipotee. Tamaa ya kubana vipande ili kadibodi itoshe ndiyo inayozaa shingo zinazoinama.

Fuatisheni kiwiliwili mara mbili na miguu mara nne, kwa sababu kila kipande kitakuwa cha tabaka mbili. Kwenye kila mchoro mtoto achore mshale unaoonyesha vijia vinaelekea wapi. Kabla ya kukata, pitieni mishale yote kwa kidole. Mchoro ambao mshale wake haufuati urefu wa mguu au shingo unafutwa na kuchorwa upya.

Pasiwe na mkunjo wa boksi unaopita katikati ya mguu au shingo. Mkunjo wa kiwandani hauponi.

## Hatua ya 4: Kukata

Kwa kisu, pitisha mara tatu au nne kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja. Mpito wa kwanza unakata karatasi ya juu, wa pili mawimbi, wa tatu karatasi ya chini. Ukikandamiza kwa nguvu, kisu kinaponda mawimbi kabla ya kuyakata, na kinateleza kirahisi kuelekea kidoleni. Mkono ulioshika rula ukae nyuma ya njia ya wembe siku zote.

Kwa mkasi, kata kwanza nje ya mstari ukiacha nafasi ya sentimita moja, halafu rudi ukate juu ya mstari wenyewe.

Wembe ukianza kuchana na kuacha nyuzinyuzi, ubadilishe. Wembe butu ni wa hatari kuliko mkali.

## Hatua ya 5: Mianya ya kuungia

Hapa twiga anapata kusimama au kuanguka. Miguu haibandikwi ubavuni. Inachomekwa kwenye kiwiliwili kwa mianya inayopokeana, kila kipande kikimshika mwenzake.

Kwenye kiwiliwili, weka alama mbili tumboni: moja sentimita 4 kutoka kifuani, nyingine sentimita 4 kutoka matakoni. Kwenye kila alama mwanya utapanda juu sentimita 4. Kwenye miguu, mwanya utaanzia katikati ya ukingo wa juu na kushuka sentimita 4.

Upana wa mwanya usiupime kwa rula. Chukua vipande viwili vya mabaki ya kadibodi yenu, vibane pamoja, visimamishe wima juu ya alama, kisha mtoto apitishe penseli pande zote mbili. Upana huo ndio unene halisi wa kipande cha tabaka mbili. Wakati wa kukata, kata upande wa ndani wa mistari ili mwanya uwe mwembamba kidogo. Kadibodi hubonyea ikiingizwa, na kubonyea huko ndiko kunakoshika.

Kata mistari miwili ya urefu kwa mkasi, halafu malizia mwisho wa mwanya kwa ncha ya kisu. Usipinde kile kiulimi kinachobaki kati ya mistari na kukikwanyua, utachana mpaka ndani.

Kabla ya gundi yoyote, panga matabaka mawili mawili, yabane kwa vibanio, na uchomeke miguu. Mmefaulu ikiwa miguu inaingia kwa kusukumwa kidogo na haidondoki mkiinua twiga. Ikiingia yenyewe, mwanya ni mpana: bandika kipande cha kadibodi nyembamba upande mmoja wa ndani. Ikikataa, punguza unene wa karatasi moja tu kila upande, mjaribu tena.

## Hatua ya 6: Gandisheni matabaka

Chomoa miguu. Paka gundi kwenye tabaka moja na uisambaze kwa kipande cha kadibodi nyembamba mpaka ibaki utando tu, usione matone. Kadibodi hunywa maji ya gundi. Ikizidi, mawimbi yanalegea na kipande kinapinda.

Pangeni matabaka mianya ikae sambamba kabisa, futeni gundi iliyotokeza, kisha lazeni vitabu juu. Vitabu vitoshe kubana, visiponde. Acheni saa moja kwa uchache. Usiku mzima ni bora.

Kipande kilichoshika vizuri hakiachani ukingoni ukikipinda kidogo, na ukikishika kwa ncha moja kinabaki kimenyooka.

## Hatua ya 7: Msimamisheni

Chomeka miguu, weka gundi kidogo kwenye mianya, na msimamishe twiga juu ya meza iliyo sawa. Bado atayumba kushoto na kulia, kwani mwanya mmoja hauwezi kuzuia mguu usipinduke.

Kata vipande vinane vya kadibodi nyembamba, sentimita 6 kwa 3. Vikunje katikati kwa urefu viwe na umbo la kona. Bandika kimoja kila pembe ambapo mguu unakutana na kiwiliwili: nane kwa jumla, vinne kwa kila jozi ya miguu. Bana kwa utepe wa karatasi mpaka gundi ikauke.

Sasa subirini. Gundi nyeupe hushika kwa kuguswa baada ya nusu saa hivi, ila nguvu yake kamili huja baada ya karibu saa 24. Watu wengi huharibu hapa, mtoto anataka kumchezea na mzazi anaona tayari imekauka.

Jaribio: weka kidole mgongoni na ukandamize taratibu. Miguu isifunguke. Kisha msukume kichwani kwa upole. Anapaswa kuinama na kurudi, asilale.

Hapa ndipo mnaweza kupunguza upana wa miguu mkipenda, kuanzia goti kwenda chini. Msishuke chini ya sentimita 2 na nusu.

## Hatua ya 8: Mpeni nyama

Hii ni kazi ya mtoto, na hata mdogo kabisa anaiweza. Kunja gazeti kavu liwe donge refu, libane ubavuni kwa utepe wa karatasi, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kifua kiwe kikubwa kuliko matako. Twiga halisi ana mabega yaliyopanda na mgongo unaoshuka. Shingoni zungusheni vipande virefu vya gazeti, mkianzia chini kwenda juu.

Magazeti yabaki makavu na mepesi. Yakifinyangwa yakiwa na gundi, katikati hayatakauka kamwe.

Masikio, pembe fupi mbili na mkia vikatwe kwenye kadibodi nyembamba, kila kimoja kikiachiwa kikia cha sentimita moja cha kukunja na kubandika.

## Hatua ya 9: Vikeni karatasi

Changanya gundi sehemu mbili na maji sehemu moja. Chaneni magazeti kwa mkono, vipande vya upana wa sentimita 2 au 3. Mkasi hautakiwi: ukingo uliochanwa ni mwembamba na hujificha chini ya kipande kinachofuata, ila ukingo wa mkasi huacha mstari unaoonekana hata baada ya rangi.

Chovya kipande, kisha kipitishe katikati ya vidole viwili ili gundi ya ziada idondoke bakulini. Kilaze, kilainishe kwa kidole kutoka katikati kwenda nje ili kisiache hewa. Kila kipande kilalie mwenzake kwa nusu.

Tabaka la kwanza liwe la gazeti, la pili liwe la karatasi nyeupe. Kwa njia hiyo mtoto anaona mwenyewe wapi bado hajafunika, na huna haja ya kumwelekeza. Kiwiliwili na shingo vipate matabaka mawili. Miguu tabaka moja tu, lenye gundi kidogo, maana miguu ikilowa sana italegea huku imebeba uzito. Nyayo ziacheni bila karatasi.

Mkaushieni juu ya plastiki, kwenye upepo na kivuli. Jua kali la upande mmoja humpinda. Mgeuzeni kila baada ya saa kadhaa. Hali ya hewa ikiwa na unyevu, kila tabaka linaweza kuchukua siku nzima.

Ili kujua kama amekauka, mguse kwa shavu au nyuma ya mkono. Akiwa baridi kuliko meza, ndani bado ana maji. Mgongeni kwa kucha pia: aliyekauka hutoa mlio mkavu, mgumu.

## Hatua ya 10: Rangi

Rangi nyeupe kwanza, mwili mzima, ili maandishi ya gazeti yasijitokeze. Ikikauka, paka rangi ya mwili, halafu mabaka. Mabaka yawe na kona zisizolingana, yakaribiane bila kugusana. Rangi iwe nzito. Ya majimaji huingia mpaka kwenye kadibodi. Na kama mtoto anataka twiga wa zambarau, basi zambarau.

## Ikikwama

Anaangukia mbele. Bandika vipande vinne au vitano vya kadibodi ndani ya matako, chini ya karatasi. Kama ameshavikwa, vibandike tumboni, nyuma ya miguu ya nyuma.

Anatikisika, mguu mmoja hausimami. Usikate iliyo mirefu. Utakata huu, kisha ule, mpaka twiga awe mfupi. Ongeza kipande cha kadibodi nyembamba chini ya unyayo mfupi.

Shingo imekunjika. Kama mlifuata vijia, kuna dawa: ingizeni kijiti chembamba ndani ya kijia kimoja au viwili kutoka utosini, kipite mkunjo kwa sentimita 5, kisha vikeni karatasi juu yake. Kama vijia vinakata shingo kwa upana, kijiti hakina pa kupita. Kateni kiwiliwili kipya.

Karatasi imevimba. Pasua uvimbe kwa wembe, ingiza gundi kwa brashi ndogo, bonyeza.

## Mnyama anayefuata

Kwa tembo, tumieni violezo vilevile: ondoeni shingo, fupisheni miguu mpaka sentimita 16, na upana wa kila mguu uwe sentimita 5. Mkonga ni jambo jingine. Unatakiwa ujikunje, kwa hiyo kata ukanda ambao vijia vyake vinapita kwa upana, uviringishe kwenye penseli kidogo kidogo kuanzia nchani, na ndipo uubandike usoni.